Kamalondo: Mutaa Usio na Mwenyeji

Katika Lubumbashi, watu wakikutana mara ya kwanza huulizana: "Wewe ni mutu wa wapi?" Kijana aliyezaliwa Kamalondo, ambaye baba yake pia alizaliwa Kamalondo, hajibu kwamba yeye ni mutu wa Kamalondo. Anataja kijiji cha Kasai, ao cha Luapula, ao cha Lomami, ao cha Maniema, hata kama hajakiona bado kwa macho yake. Hakuna anayestaajabu. Jibu hilo ni la adabu, tena linaheshimu wazee. Lakini mabaya mengi yaliyopata muji wetu yalianzia kwa swali hilo moja. Kwa sababu hiyo inafaa tuangalie historia ya mutaa huu, ulio wa zamani kuliko mitaa yote ya watu weusi katika Lubumbashi, tupate kujua nani alikuwa mwenyeji ndani yake na nani alikuwa mugeni.

Njanja na shaba

Mbele ya mwaka 1910 hapakuwa muji mukubwa pahali hapa. Palikuwa muto Lubumbashi, pori, na vijiji vya Walamba hapa na pale. Kama tunatafuta wenyeji wa udongo wenyewe, ndio hao. Lakini wengi wao hawakupenda kazi ya chimboni. Walipenda zaidi kulima na kuuza chakula kwa watu wa kazi, na muji ulipoongezeka wao wakasukumwa pembeni.

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 njanja iliyotoka Rhodesia ilifika hapa. Leta, chini ya mukubwa wake Wangermée, ikachora barabara zilizonyooka katika pori, na muji ukapewa jina la Elisabeth, malkia wa Ubelgiji. Mwaka 1911 tanuru ikaanza kuyeyusha shaba. Muji huu, basi, haukutokana na soko la zamani wala na makao ya sultani. Ulitokana na njanja na shaba, na hivi viwili vilihitaji mikono.

Mikono hiyo ilitoka wapi? Miaka ya kwanza wengi walitoka kusini, katika Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland. Kisha Leta na makampuni wakatafuta watu ndani ya Kongo: katika Katanga yenyewe, katika Lomami na katika Kasai. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 wengine waliletwa toka Ruanda-Urundi. Kila mutu alifika na lugha yake. Mwanzoni, kazini, walisikilizana kwa ile lugha ya machimbo iliyotoka kusini pamoja na njanja. Lakini wakubwa Wabelgiji waliogopa nguvu za Waingereza, wakataka watu wa kazi waachane na mambo ya Rhodesia. Ndivyo Kiswahili kilivyoshika nafasi kazini, kisha nyumbani. Tuangalie vizuri jambo hili: wakati ule katika mutaa wetu, Kiswahili hakikuwa lugha ya mama wa mutu. Kilikuwa lugha ya kukutana. Siku hizi watoto wengi hawana lugha ingine ya kwanza. Lugha iliyokuwa ya wageni wote imekuwa lugha ya nyumba.

Nafasi katikati

Kwanza watu weusi waliwekwa karibu sana na muji wa Wazungu. Mwaka 1918 homa kubwa iliyozunguka dunia nzima ilipanda na njanja toka kusini, ikaua watu wengi. Magonjwa yaliwapa Wazungu neno la kusema. Walisema kwamba mbu ikimuuma mutu mweusi haiwezi kuruka mbali kwenda kumuuma Muzungu, kama katikati pakiwa nafasi tupu. Kwa hiyo, kuelekea mwaka 1921, mutaa wa watu weusi ulihamishwa upande wa kusini. Katikati yake na muji wa Wazungu waliacha udongo mutupu, kwanza meta 500, kisha meta 700. Mutaa mupya ulipewa jina la mufalme Albert. Ndiyo Kamalondo ya leo.

Kwa kweli ile nafasi haikutenga mbu tu, ilitenga watu. Asubuhi boyi, kapita, karani na mujengaji waliipita wakienda kazini. Jioni waliipita tena wakirudi. Usiku mutu mweusi hakuruhusiwa kutembea mujini kwa Wazungu pasipo barua ya ruhusa. Hata kwa sala ilikuwa hivyo: kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo lilijengwa katika muji wa Wazungu, na wakristu wa mitaa walikuwa na misioni yao. Mapadri Wabenedikto, waliofika mwaka 1910 pamoja na Monsenyeri de Hemptinne, na Wasalesiani, waliofika mwaka 1911, walifanya kazi kubwa ya masomo. Lakini ukweli ni ukweli: walifanya kazi hiyo ndani ya muji uliokatwa vipande viwili, na wachache kati yao walisema kwamba kukata vile ni kubaya.

Kambi na parseli

Watu wengine huchanganya mutaa na kambi, lakini vilikuwa vitu viwili. Katika kambi, Union Minière ilitoa nyumba, posho, dawa na masomo. Kuanzia mwaka 1928 ilishawishi watu wa kazi kuleta bibi zao na kukaa muda murefu. Lakini nyumba ilikuwa mali ya kampuni. Kazi ikiisha, nyumba imeisha. Hilo lilionekana waziwazi wakati bei ya shaba ilipoanguka, kisha mwaka 1929: katika miaka michache kampuni ilifukuza zaidi ya nusu ya watu wake weusi. Maelfu walipanda njanja kurudi walikotoka.

Kamalondo ilikuwa namna ingine. Hapo walikaa watu wasiofungwa na kambi: maboyi, makarani, mafundi wa nguo na wa mbao, wauzaji, wanawake waliojitafutia maisha yao. Mutu alikuwa na parseli yake, akajenga, akapanda muembe, akapangisha chumba. Sheria ya mwaka 1931 iliunda vile vituo vilivyoitwa centres extra-coutumiers, ni kusema pahali pasipo desturi za sultani, na mwaka uliofuata kikaundwa cha Elisabethville, kikiwa na chefu wake, baraza lake na tribinali yake. Jina hilo linaonyesha mawazo ya Leta: kwao mutu mweusi wa kweli ni wa kijijini, na huyu wa mujini ametoka nje ya njia yake. Lakini baraza na tribinali zilifanya jambo ambalo Leta haikulipanga sana. Mutu wa Kasai na mutu wa Luapula wakishitakiana juu ya mahari ao juu ya mupaka wa parseli, hukumu haikuweza kufuata desturi ya mumoja tu. Kidogo kidogo ikazaliwa desturi ya mutaa.

Ikazaliwa pia kwa matanga, kwa ngoma na kwa mupira. Kila kabila lilikuwa na chama chake cha kusaidiana, kwani hapana aliyetaka kuzikwa kama mutu asiye na ndugu. Lakini jirani wa parseli ya pili hakuwa wa kabila lile, na yeye pia alileta kuni na unga. Vikundi vya mbeni vilicheza siku ya Mungu vikichanganya watu wa njia nyingi. Mwaka 1939 Wabenedikto wa Institut Saint-Boniface waliunda kikosi cha mupira, Saint-Georges. Ndicho baadaye kiliitwa Englebert, kisha Mazembe. Mwaka huohuo kilizaliwa Saint-Éloi Lupopo cha watu wa njanja. Toka siku zile mutu wa Lubumbashi huulizwa kwanza kama ni wa Mazembe ao wa Lupopo, na swali hilo halina kabila.

Muji uliongezeka. Mutaa wa Kenya uliundwa mwaka 1929. Katuba ulianza mwaka 1950, kwa ule mupango wa Bwana Grévisse wa kukopesha watu vyombo vya kujengea, nao wajenge wenyewe. Katika miaka ile ya 1950 Ruashi ilijengwa upande wa mashariki na Office des Cités Africaines. Kamalondo, iliyokuwa peke yake, ikawa mutaa mama.

Swali linapogeuka kuwa kisu

Katika mwezi wa Desemba 1957 watu wa Elisabethville walichagua mara ya kwanza wakubwa wa mitaa yao. Walipiga kura wanaume tu, wa miaka 25 na zaidi. Mitaa ya watu weusi ikapata maburgomesta weusi. Lilikuwa jambo la furaha. Lakini watu wakahesabu: kati ya hao wane, hapana hata mumoja ambaye kabila lake ni la Katanga. Wengine wakasema: "Wageni wametutawala kwetu." Katika mwezi wa Oktoba 1958 ikaundwa CONAKAT, chama cha wale waliojiita Wakatanga wa kweli.

Tuone namna mambo yalivyopinduka. Muji uliojengwa na watu walioitwa toka pande zote, mbele ya miaka 50 kutimia, ulianza kuuliza nani ni wa kweli. Tarehe 11 Julai 1960 Katanga ilijitenga na Kongo. Mwaka 1961 maelfu na maelfu ya Waluba wa mitaa yetu waliacha nyumba zao, wakakimbilia kambi iliyolindwa na ONU pembeni ya muji, na mwaka uliofuata wakasafirishwa mbali. Wengi walipelekwa kwenye "kwao" ambako watoto wao hawakuwa wamekanyaga bado. Kujitenga kukaisha katika Januari 1963, lakini parseli nyingi zilikuwa na watu wengine.

Jambo lilirudi. Mwaka 1992 na 1993 watu wa Kasai walifukuzwa katika Likasi na Kolwezi. Walilala siku nyingi kwenye magare wakingoja njanja, na wengi walikufa. Katika Lubumbashi woga ulikuwa mukubwa, lakini mambo hayakufika kipimo kile. Hatuwezi kusema sababu ni moja. Lakini hatukosei kusema kwamba pahali ambapo watu wameoana, wamezikana na wamekaa ua kwa ua miaka 70, kisu kinakuwa kizito kidogo mukononi.

Kilichobaki

Mwaka 1966 Elisabethville iliitwa Lubumbashi, na mutaa wa Albert ni Kamalondo. Union Minière iligeuka mali ya Leta, ikaitwa mwishowe Gécamines. Mwaka 2003 Gécamines iliachisha watu zaidi ya 10,000, na jamaa nyingi zilizotegemea kampuni tangu babu zikaanza kutegemea biashara ndogo. Makampuni mapya ya shaba na kobalti yameleta tena watu wapya. Kati ya komine saba za muji, Kamalondo ndiyo ndogo kuliko zote, na kwa sababu ni karibu na katikati, udongo wake unatafutwa. Parseli ya zamani inakatwa vipande, muembe unaangushwa, mbele ya nyumba panajengwa duka. Tangu mwaka 2011 uwanja wa Mazembe umesimama humo, nao unaingiza watu 18,500. Nyumba za matofali za wale wa kwanza zinapungua kila mwaka.

Nyumba hatuwezi kuzizuia zote. Kumbukumbu tunaweza kuzishika. Mwaka 1965 mutu mumoja, André Yav, aliandika kwa mashini, kwa Kiswahili cha hapa, historia ya muji huu kama maboyi walivyoiona toka jikoni mwa Wazungu. Hakuwa profesa, na maandiko yake yalikaa miaka 25 mbele ya kuchapwa kitabu. Leo wenye elimu wa dunia wanayasoma. Tangu mwaka 2000 walimu wa Université ya Lubumbashi, kati yao Donatien Dibwe dia Mwembu, wamekusanya maneno na vitu vya wakaaji katika kazi iitwayo Mémoires de Lubumbashi. Lakini wazee hawangoji walimu.

Wandugu, wengi wetu tutatumwa katika parokia za mitaa kama hii. Tutapewa daftari za ubatizo na za ndoa. Tuzisome vizuri, maana ndani yake historia ya mutaa imeandikwa jina kwa jina: baba wa huku, mama wa kule, musimamizi wa pande ingine, na mutoto aliyezaliwa Kamalondo. Tukiwatembelea wazee tuwaulize si kijiji chao tu. Tuwaulize pia nani aliwapokea siku ya kwanza waliposhuka njanja, nani aliwaazima jembe, nani alilia nao matanga. Tuandike majibu yao.

Kwa njia hiyo tutaona kwamba Kamalondo haikuwa na mwenyeji hata mumoja siku ya kwanza. Wenyeji walipatikana baadaye, kila mara mutu aliyefika mbele alipomufungulia mulango yule aliyefika nyuma. Kijana wa leo anayetaja kijiji cha babu yake anasema kweli. Lakini tumufundishe kusema na kweli ya pili, kwamba yeye ni mutu wa Kamalondo, na jirani yake vilevile.