Tippu Tip na wanawake waliombeba



Anayepanda treni ya reli ya kati kutoka Dodoma kwenda Tabora hupita Kintinku, wilaya ya Manyoni, mkoani Singida, kwenye tambarare kavu chini ya ukingo wa Bonde la Ufa. Karne ya 19 misafara ya pwani ilikatiza nchi hii ya Wagogo, na watemi waliitoza hongo ndipo ipite na ipate maji. Huku Ugogo alipita mara kadhaa mtu ambaye sisi Wazanzibari tunaijua nyumba yake ya Mji Mkongwe kuliko tunavyoyajua matendo yake: Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu Tippu Tip.

Habari zake husimuliwa kwa bunduki na pembe za ndovu. Sisi tumeona jambo jingine: kila alipopanda, palikuwa na mwanamke chini ya ngazi.

Baba yake, Muhammed bin Juma, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe, huko Tabora. Kwa ndoa hiyo mfanyabiashara wa pwani akawa mkwe wa mtemi, na mwanawe akaukuta mlango uko wazi. Tippu Tip naye akaoa binti wa ukoo wa Barwani, ukoo wenye mali. Mabiharusi mnaoambiwa ndoa ni mambo ya ndani tu, someni hapo.

Kisa kikubwa ni cha Utetela, mashariki mwa Kongo, miaka ya 1870. Alisikia kwamba zamani mabinti wawili wa ukoo wa kichifu walitekwa wakauzwa. Akadai mmoja wao alinunuliwa na babu yake mzaa mama, akamzalia mama yake. Kwa hiyo yeye ni mjukuu wa nyumba ile. Chifu mzee Kasongo Rushie akasadiki, akamwachia nchi. Kisa hiki amekieleza mwenyewe katika maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili. Wengi huiona ni hila. Iwe hila au kweli, yule binti aliyeporwa kwao alipata utukufu pale tu jina lake lilipomfaa mwanamume anayeteka mabinti wa wengine.

Kushuka kulikuja upesi. Kaisari wa Roma aliuawa kwa visu. Huyu aliangushwa kwa karatasi. Mwaka 1885 mataifa ya Ulaya yalikwisha kuitambua Kongo kuwa ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, bila kuwauliza wenyeji wala Waarabu. Mwaka 1887 Tippu Tip alikubaliana na Stanley awe wali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa mshahara. Bwana wa nchi akawa mwajiriwa! Mwaka 1891 alikuwa amerudi Unguja. Mwaka uliofuata vita vikalipuka kati ya Wabelgiji na Waarabu wa Kongo; mwanawe Sefu akafa humo mwaka 1893, na dola yote ikavunjika. Yeye alibaki na mashamba na majumba yake, akafariki kwa malaria Juni 1905.

Tunapopiga picha za harusi mbele ya milango ya nakshi ya Mji Mkongwe, tukumbuke fedha zilikotoka. Dini yetu imefanya kumwacha huru mtumwa kuwa kafara na njia ya kumkaribia Mola, imetaja hata fungu la zaka kwa ajili hiyo, lakini kwenye njia ya Ugogo watu walishushwa pwani pamoja na pembe, wanawake kwa watoto. Amri ya Sultani ya mwaka 1897 ilifuta hadhi ya utumwa Unguja na Pemba, ila masuria hawakuhesabiwa humo. Wao walingoja hadi 1909, miaka 4 baada ya Tippu Tip kuzikwa.