Evdev

Evdev ni kiolesura cha kiini cha Linux kinachoziwezesha programu kupokea matukio kutoka kwa vifaa vya kuingizia taarifa kama vile kibodi, kipanya, skrini ya mguso na pedi za michezo. Jina lake limefupishwa kutoka maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya "kifaa cha matukio". Kila kifaa huonekana kama faili ndani ya saraka ya /dev/input, kwa mfano /dev/input/event0 au /dev/input/event3, na programu hupata matukio yake kwa kulifungua faili hilo na kulisoma.

Evdev hutumika katika kompyuta zenye Linux na katika simu za Android, ambazo kiini chake ni Linux. Mfumo wa FreeBSD nao una kiolesura kinachofuata muundo huohuo.

## Tatizo linalotatuliwa

Matukio ya vifaa hayana ratiba. Mtumiaji hubonyeza kitufe au kusogeza kipanya wakati wowote, na programu haiwezi kujua mapema itakuwa lini. Njia moja ni programu kukiuliza kifaa tena na tena kama kuna jambo jipya. Njia hiyo hula muda wa kichakataji na chaji ya betri, na tukio fupi linaweza kupita katikati ya maswali mawili bila kuonekana.

Njia ya pili ni kikatizo. Hiki ni ishara ya umeme inayokifanya kichakataji kiache kwa muda kazi iliyokuwa ikiendelea na kutekeleza msimbo maalumu wa kiini. Kibodi za zamani za aina ya PS/2 hufanya kazi hivyo: kila kitufe kinapobonyezwa au kuachiliwa, kidhibiti cha kibodi hutoa kikatizo. Kibodi ya USB haitoi kikatizo yenyewe. Kidhibiti cha USB kilichomo ndani ya kompyuta huiuliza kila baada ya milisekunde chache, na inapokuwa na jibu jipya, kidhibiti hicho ndicho hutoa kikatizo.

Hata hivyo kikatizo hukifikia kiini, si programu ya kawaida. Wakati tukio linatokea, programu inaweza kuwa imelala, inasubiri zamu yake kwenye kichakataji, au inashughulikia tukio lililotangulia. Kwa hiyo kiini hulipokea tukio papo hapo, hulipa alama ya wakati, na kulihifadhi mpaka programu ije kulichukua. Evdev ndiyo sehemu ya Linux inayofanya kazi hiyo ya kuhifadhi na kukabidhi.

## Historia

Katika matoleo ya mwanzo ya Linux kila aina ya kifaa ilikuwa na njia yake. Kipanya cha PS/2 kilisomwa kupitia faili la /dev/psaux, na vipanya vya bandari ya mfululizo vilitumia lugha tofauti kulingana na mtengenezaji. Programu iliyohitaji kipanya ililazimika kuelewa lugha hizo zote.

Mwanaprogramu wa Ucheki Vojtech Pavlik alianza mwaka 1999 kuandika mfumo mmoja wa vifaa vya kuingizia taarifa. Mfumo huo, pamoja na evdev, uliingia katika Linux 2.4 iliyotolewa Januari 2001, ambapo ulihudumia hasa vifaa vya USB. Katika Linux 2.6, iliyotolewa Desemba 2003, ulichukua pia kazi ya kibodi na vipanya vya PS/2.

## Muundo wa tukio

Kila tukio ni rekodi ya ukubwa usiobadilika: baiti 24 katika mifumo ya biti 64, na baiti 16 katika mifumo ya biti 32. Rekodi ina sehemu nne:

* wakati – sekunde na mikrosekunde ambapo kiini kilipokea tukio;
* aina – kundi la tukio;
* msimbo – kitufe au mhimili unaohusika;
* thamani – kilichotokea.

Aina zinazokutwa mara nyingi ni hizi:

* EV_KEY – vitufe vya kibodi na vya kipanya. Thamani 1 ina maana kitufe kimebonyezwa, 0 kimeachiliwa, na 2 kimeendelea kushikiliwa;
* EV_REL – mwendo unaopimwa kutoka mahali kifaa kilipokuwa, kama wa kipanya;
* EV_ABS – mahali halisi, kama kidole kwenye skrini ya mguso;
* EV_SW – swichi, kwa mfano ile inayoonyesha kuwa mfuniko wa kompyuta mpakato umefungwa;
* EV_SYN – alama za kutenganisha na kupanga matukio.

Badiliko moja la kifaa huweza kuzaa matukio kadhaa. Kipanya kikisogea kwa mshazari, hutoka tukio la mhimili wa X na lingine la mhimili wa Y. Ili programu isidhani kuwa kipanya kilikwenda kando kwanza kisha juu, kiini hufunga kila kundi kwa tukio la SYN_REPORT. Matukio yote yaliyo kabla ya alama hiyo huhesabiwa kuwa yametokea pamoja.

Msimbo wa kitufe hutaja nafasi yake kwenye kibodi, wala si herufi iliyoandikwa juu yake. Kwenye kibodi ya Kifaransa, kitufe chenye herufi Q hutoa msimbo KEY_A, kwa sababu kipo mahali ambapo kibodi ya Kiingereza ina A. Kugeuza nafasi kuwa herufi ni kazi ya programu za ngazi ya juu.

## Kusoma matukio

Programu hufungua faili la kifaa na kutumia mwito wa mfumo uitwao read. Kuna namna tatu kuu za kusubiri:

1. Kusubiri kwa kulala. Kama hakuna tukio, kiini huilaza programu na kuiamsha kundi la matukio linapokamilika. Programu iliyolala haitumii muda wa kichakataji.
2. Kusoma bila kusubiri. Faili likifunguliwa kwa alama ya O_NONBLOCK, read hurudi mara moja hata kama foleni ni tupu, ikiwa na kosa la EAGAIN. Kwa kawaida namna hii huunganishwa na miito ya poll au epoll, ambayo husubiri vifaa vingi kwa pamoja na kutaja kilicho na habari.
3. Kuarifiwa kwa ishara. Programu inaweza kuomba kiini kiitumie ishara ya SIGIO kila matukio yanapofika. Namna hii hutumika kwa nadra, kwa kuwa ishara inaweza kuikatiza programu mahali popote katika kazi yake.

Mwito wa read hurudisha rekodi kamili tu, kamwe si nusu ya tukio. Kifaa kikichomolewa wakati programu inasubiri, programu huamshwa na kupewa kosa la ENODEV, na inapaswa kulifunga faili.

## Foleni inapojaa

Kila programu inayofungua faili la kifaa hupewa foleni yake katika kumbukumbu ya kiini. Foleni hiyo ina nafasi ya matukio yasiyopungua 64, na huwa kubwa zaidi kwa vifaa vinavyotoa matukio mengi kwa mara moja, kama skrini za mguso. Programu ikichelewa kusoma, foleni hujaa. Kiini hakiwezi kumzuia mtumiaji asiendelee kubonyeza, kwa hiyo hulazimika kutupa baadhi ya matukio.

Hasara ya kutupa tukio si sawa kwa vifaa vyote. Tukio la skrini ya mguso likipotea, linalofuata litaonyesha mahali kidole kilipo sasa. Lakini likipotea tukio la kuachilia kitufe cha Ctrl, programu itaendelea kuamini kuwa Ctrl imeshikiliwa, na herufi za kawaida zitageuka kuwa amri: mtu anayeandika S atajikuta anahifadhi faili, na anayeandika W atajikuta amefunga dirisha.

Kwa sababu hiyo evdev haitupi matukio kimyakimya. Foleni ikijaa, matukio yote yaliyokuwa hayajasomwa huondolewa, na mahali pake huwekwa tukio la SYN_DROPPED likifuatwa na tukio jipya kabisa. Programu inayokutana na SYN_DROPPED inatakiwa kupuuza kila kitu hadi SYN_REPORT inayofuata, kisha kukiuliza kiini hali ya sasa ya kifaa. Kwa vitufe, swali hilo hufanywa kwa mwito wa EVIOCGKEY, ambao hurudisha orodha ya vitufe vyote vilivyoshikiliwa wakati huo. Programu hulinganisha orodha hiyo na kumbukumbu yake na kusahihisha tofauti.

Maktaba huria ya libevdev hufanya ulinganishaji huo kwa niaba ya programu.

## Usalama

Programu yenye ruhusa ya kusoma faili la kibodi hupata kila kitufe kinachobonyezwa, pamoja na nywila, hata kama dirisha lake haliko mbele. Programu nyingine hazitambui, kwa kuwa kila msomaji hupewa nakala yake ya matukio. Kwa hiyo mafaili ya /dev/input kwa kawaida husomwa na mtumiaji mkuu aitwaye root na wanachama wa kikundi kiitwacho input tu. Kumwongeza mtumiaji wa kawaida katika kikundi hicho huzipa programu zake zote uwezo wa kunasa maandishi yake.

Katika mifumo mingi ya kisasa huduma ya systemd-logind hufungua faili kwa niaba ya programu inayosimamia skrini na kuikabidhi. Mtumiaji mwingine akichukua zamu kwenye kompyuta hiyohiyo, huduma hiyo hutumia mwito wa EVIOCREVOKE kuufuta uwezo wa kusoma uliotolewa awali.

Mwito mwingine, EVIOCGRAB, huipa programu moja matukio yote ya kifaa peke yake. Unafaa kwa programu zinazobadilisha kazi za vitufe, lakini una hatari: programu iliyoshika kibodi ikikwama, kibodi hiyo haisikiki kwingine mpaka programu izimwe.

## Matumizi

Programu chache hutumia evdev moja kwa moja. Katika kompyuta za mezani zinazotumia Wayland, maktaba ya libinput husoma matukio na kuyageuza kuwa mwendo wa kishale, mbofyo au ishara za vidole, na programu ya skrini huyapeleka kwenye dirisha linalohusika. Watengenezaji hutumia zana ya evtest kuona matukio jinsi yanavyotoka, na kwenye Android zana ya getevent hufanya kazi kama hiyo. Kiolesura cha uinput hufanya kinyume: huiruhusu programu kuunda kifaa bandia na kutuma matukio kana kwamba yametoka kwenye maunzi.

## Alama ya wakati na mwaka 2038

Katika mifumo ya biti 32, hesabu ya sekunde tangu mwaka 1970 ingejaa mwaka 2038. Ukubwa wa rekodi ya evdev haukuweza kubadilishwa bila kuharibu programu zilizopo. Suluhisho lilikuwa kuisoma sehemu ya sekunde kama namba isiyo na alama ya hasi, jambo lililosogeza ukomo huo hadi mwaka 2106.

## Tazama pia

* Linux
* Mfumo wa uendeshaji
* Kibodi
* Android