Leseni ya Pombe Ilivyobadilika, na Kwa Nini Inamhusu Mama

  Leo tunazungumza kuhusu leseni ya pombe. Huenda ukasema, "Leseni yanihusu nini, na mimi sinywi?" Kaa kidogo. Karatasi hiyo ndiyo inayoamua kama baa itafunguliwa karibu na shule ya mtoto wako, na kama kuna mtu aliyekagua kile mzee wa nyumba amekunywa jana.

Wakati wa ukoloni sheria za pombe zilifuata rangi ya mtu. Mwafrika alikatazwa pombe kali za Wazungu. Hata pombe yake ya kienyeji haikuachwa. Jijini Nairobi, katika miaka ya 1920, manispaa iliishika biashara hiyo ikawa inauza yenyewe katika ukumbi wake wa Pumwani. Mama aliyekuwa akipika pombe nyumbani ili alishe watoto akageuka mhalifu, na mitungi yake ikamwagwa na askari. Kwa hivyo unaposikia "mama pima" leo, jua kwamba historia yake ni ndefu, na si ya ulafi peke yake. Mara nyingi ni ya karo na unga.

Baada ya uhuru tulibaki na sheria kadhaa kwa wakati mmoja. Kulikuwa na moja ya pombe za chupa. Mwaka 1971 ikaja nyingine ya pombe za kienyeji kama busaa. Mwaka 1980 ikapitishwa ya tatu, ya kupiga marufuku chang'aa kabisa. Kila sheria ilikuwa na taratibu zake na adhabu zake. Chang'aa haikuisha, bali ilijificha. Na kitu kilichojificha hakipimwi na mtu yeyote.

Hapo ndipo tulipopata msiba. Novemba 2000, katika mitaa ya mabanda ya Mukuru, Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa baada ya kunywa kile kilichoitwa kumi kumi, kwa sababu glasi yake iliuzwa shilingi kumi. Wengine walipona lakini wakapoteza macho. Mwaka 2005 watu zaidi ya 40 walikufa upande wa Machakos. Sumu ilikuwa methanoli, spiriti ya viwandani, ambayo muuzaji huongeza ili pombe iwe kali upesi.

Mwaka 2010 mbunge wa Naivasha, John Mututho, alipeleka mswada bungeni, nao ukapita. Wengi huuita Sheria ya Mututho. Sheria ya pombe za chupa na ile ya kupiga marufuku chang'aa zilifutwa, na mahali pake ikaja hiyo mpya. Chang'aa ikaruhusiwa, lakini kwa masharti: itengenezwe kwa leseni na ipakiwe kwenye chupa yenye maandishi ya kueleza kilichomo. Pombe za mifuko midogo ya plastiki zikakatazwa. Baa zikapewa saa: kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi. Mtoto wa chini ya miaka 18 asiuziwe. Baa isiwe chini ya mita 300 kutoka shuleni.

Mwezi huohuo wa Agosti 2010 tulipata Katiba mpya, iliyokabidhi utoaji wa leseni kwa kaunti. Kazi ikasogea karibu nawe. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa jambo jema, ingawa kaunti nayo hupata pesa kutokana na leseni hizo, na anayepokea ada huona uzito kufunga mlango. Misiba pia haikukoma. Mei 2014 watu wengi walikufa katika kaunti kadhaa, Embu ikiwa mojawapo, na Februari 2024 ikawa zamu ya Kirinyaga.

Basi mtu wako akinywa pombe usiyoijua, kisha saa kadhaa baadaye, hata kesho yake, alalamike kwamba haoni vizuri, kichwa kinamuuma sana, anatapika au anapumua kwa haraka, usimwambie alale ziishe. Mpeleke hospitali mara moja. Ukiweza, beba chupa aliyonywea. Walionywa naye waambiwe waende pia, hata kama wanajisikia wazima.

Na kuhusu ile baa karibu na shule: mtu anapoomba leseni, wakazi wana nafasi ya kupinga. Uliza ofisi ya kaunti ndogo yako, au kwa chifu, majina ya walioomba na siku ya mwisho ya kupeleka malalamiko. Andikeni barua mkiwa akina mama kadhaa. Tajeni jina la baa, jina la shule na umbali kati yake, kila mmoja aweke sahihi na nambari ya kitambulisho. Bakini na nakala iliyopigwa mhuri.