Walijenga Klabu, Wakafutwa Majina

Mwaka 1909 Wayahudi wa Vienna walianzisha klabu yao, Hakoah, katika mji ambao klabu nyingi hazikutaka kuwaona. Mwaka 1923 Hakoah ilikwenda London ikaichapa West Ham mabao 5-0. Miaka miwili baadaye, ikiwania ubingwa wa Austria, kipa wake Sándor Fábián aliumia mkono. Enzi hizo hapakuwa na wachezaji wa akiba. Mkono ukafungwa kitambaa shingoni, kipa akasogezwa mbele na kufunga bao la ushindi. Hakoah ikawa bingwa.

Wayahudi walikuwa kila pembe ya soka la Ulaya. Julius Hirsch aliifungia Ujerumani mabao manne dhidi ya Uholanzi mwaka 1912. Bayern Munich ilitwaa ubingwa wake wa kwanza mwaka 1932 chini ya rais wake Kurt Landauer. Nchini Italia, kocha Árpád Weisz kutoka Hungaria aliipa Inter ubingwa mwaka 1930, kisha Bologna mara mbili mfululizo, 1936 na 1937.

Wanazi waliposhika madaraka mwaka 1933, klabu kubwa za kusini mwa Ujerumani zilitangaza kwa hiari yao kwamba zitawaondoa Wayahudi. Hirsch alisoma tangazo hilo gazetini, na klabu yake ya Karlsruhe ilikuwamo. Akaandika barua ya kujitoa. Mwaka 1943 alisafirishwa kwenda kambi ya mauaji ya Auschwitz, hakurudi. Landauer, aliyekuwa ameshajiuzulu, alifungwa katika kambi ya mateso ya Dachau mwaka 1938, akakimbilia Uswisi. Hakoah ilivunjwa mwaka huohuo wa 1938. Weisz alifukuzwa Italia na sheria za ubaguzi, akahamia Uholanzi kufundisha timu ya Dordrecht. Baada ya Wanazi kuiteka Uholanzi, mkewe na watoto wao wawili waliuawa Auschwitz mwaka 1942, naye akafia huko mwaka 1944.

Baada ya vita, klabu zilinyamaza. Landauer alirudi mwaka 1947 akaiongoza tena Bayern, lakini baada yake jina lake lilisahaulika kwa miongo mingi. Waliolifufua ni mashabiki wa jukwaani, waliotandaza picha yake uwanjani. Klabu ilimpa urais wa heshima mwaka 2013, zaidi ya miaka 50 baada ya kifo chake.

Kimya kile kina gharama. Vijana wasiojua kilichotokea huiga majukwaani mlio wa gesi iliyowaua Wayahudi kambini, ili kuwakejeli wapinzani. Oktoba 2017, baadhi ya mashabiki wa Lazio walibandika uwanjani Roma picha za Anne Frank, binti Myahudi aliyefia katika kambi ya Wanazi, akiwa amevishwa jezi ya mahasimu wao. Siku chache baadaye wachezaji wa Lazio walipasha misuli wakiwa na fulana zenye sura ya binti huyo. Mechi hiyo ilichezwa Bologna, mji aliouletea Weisz mataji mawili.

Chelsea ilianza kampeni yake dhidi ya chuki kwa Wayahudi mwaka 2018, na mwaka 2020 ikatundika katika uwanja wake wa Stamford Bridge mchoro mkubwa wenye sura za Hirsch na Weisz. Borussia Dortmund hupeleka mashabiki wake Auschwitz wakajionee. Njia hii ya kuelimisha ndiyo sahihi. Kumfungia mtu kuingia uwanjani ni lazima anapotukana, lakini adhabu peke yake haimfundishi kitu. Shabiki anayeipenda klabu yake husikiliza anapoambiwa ni nani aliyeijenga, na ni nani aliyemsaliti mjenzi huyo.

Kazi haijaisha. Walinzi wa majukwaani wafundishwe kuzitambua nyimbo za chuki, malalamiko yafuatiliwe hadi mwisho, na mashabiki Wayahudi waketi mezani mafunzo yanapoandaliwa, wasiitwe siku ya kupiga picha tu. Klabu iliyowahi kumfukuza mwanachama wake ina deni kwa kila Myahudi anayekata tiketi leo: aimbe, avae kofia yake ya ibada, na arudi nyumbani salama kama shabiki mwingine yeyote.