Zama Zilizodhaniwa Tupu

Masimulizi ya uhai duniani aghalabu huanzia zama za Kambria, yapata miaka milioni 540 iliyopita, wanyama wenye magamba walipoenea baharini. Nyuma yake zimelala zama za Proterozoiki, zilizoanza miaka milioni 2,500 iliyopita. Na muda wote tangu Kambria hata leo wazidi robo yake kidogo tu. Zama ndefu hizo zilikosa wasimulizi. Katika karne ya 19 baadhi ya wataalamu wa miamba waliita miamba iliyo chini ya Kambria Azoiki, maana yake isiyo na uhai. Kosa hilo si geni kwetu tusomao historia: palipokosekana hati, husemwa hapakuwa na watu.

Darwin hakuridhika. Mwaka 1859 aliandika kwamba lazima dunia ya kale ilijaa viumbe, walakini alikiri kuwa hana jibu la kutosha kueleza mabaki yao yako wapi. Hata mwaka 1931 Seward, bingwa wa mimea wa Cambridge, alikataa kwamba mawe yenye tabaka kama kitunguu yalijengwa na viumbe.

Jibu lilipatikana Kanada, kando ya Ziwa Superior, katika miamba ya Gunflint. Jina hilo ni la jiwe la kuwashia bunduki, ambalo Kiswahili hulijua tangu zamani kwa neno gumegume. Mwaka 1953 Stanley Tyler wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, aliyekuwa akichunguza miamba ya chuma, alichukua gumegume jeusi, akalisaga likawa jembamba hata nuru ikapenya, akalitia chini ya hadubini. Akaona nyuzi na viduara. Elso Barghoorn wa Harvard alivitambua kuwa ni viumbe, na mwaka 1954 wawili hao wakatangaza habari kwa ufupi. Maelezo kamili yalitoka mwaka 1965. Tyler alikwisha kufa mwaka 1963.

Viumbe hivyo vyapata umri wa miaka milioni 1,880. Havikuwa na mfupa wala gamba. Viliokolewa na ute wa mawe uliovifunika kabla ya kuoza, kisha ukaganda. Jamaa zao wajilishao kwa nuru ya jua ndio waliotia oksijeni hewani, nayo ilianza kudumu angani karibu na mwanzo wa zama hizo.

Na yale mawe ya Seward? Mwaka 1956, katika Shark Bay, magharibi ya Australia, yaligunduliwa ya namna ileile, yangali hai, yakikua polepole katika maji ya chumvi kali.