Meli ya Mafuta Isiyofika Kiriba

Tarehe 15 Novemba 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka Sirius Star kusini-mashariki mwa Mombasa, meli ya mafuta yenye urefu wa zaidi ya mita 330, iliyobeba mapipa yapata milioni 2. Meli kama hiyo haifichiki: mwaka iliyoundwa, uzito inaobeba na bandari ilizopita, vyote vimeandikwa. Uliza habari hizohizo ukiwa Kiriba, Musoma Vijijini, kando ya Ziwa Victoria, utaona kwamba meli peke yake haikujibu. Ziwani, kinachopanga ukubwa wa meli na safari zake ni reli, au bomba, iliyoko nyuma ya gati.

Hakuna meli iliyoingia ziwa hili kwa kuelea kutoka baharini. William Mackinnon, iliyoshushwa majini Kisumu mwaka 1900, ilitoka Uingereza vipandevipande na sehemu kubwa ya vyuma vyake ilipanda bara vichwani mwa wapagazi. Reli ilipofika Kisumu mwishoni mwa 1901, zikafuata meli kubwa zaidi, hadi MV Victoria iliyoanza kazi 1961 baada ya kuundwa Scotland, kufunguliwa na kuungwa upya. Kipande kisichoingia behewani hakifiki.

Atakayepinga atataja kina cha maji. Ana haki kidogo, maana kingo za ziwa ni za maji mafupi. Lakini katikati kina hufika mita 80, na Sirius Star ikijaa huzama mita 22 tu. Mwingine atasema Tanzania inayo meli yake ya mafuta ziwani, MT Nyangumi. Ni kweli, ila ngome yake ni Mwanza, mji wenye reli tangu 1928. Kisumu nako bomba la mafuta lilitangulia, mwaka 1994. Gati la mafuta likakamilika 2018.

Musoma ndiyo inayoshangaza. Ilijengewa gati la kupokea mabehewa yanayovushwa kwa meli, na reli ya kuyaendeleza bara haikujengwa. Behewa lilitua ukingoni, na hapo ndipo safari yake ilipoishia. Mafuta ya taa yakaingia vijijini kwa debe na pipa, kipimo cha duka, siyo cha meli. Reli ya Tanga, Arusha hadi Musoma imezungumzwa mara nyingi. Petroli ya pikipiki za Kiriba bado inakuja kwa lori.