Nani Anaalikwa Uwanjani? Mpira wa Kirafiki Bujumbura tangu 1992

Watu wanasema kupanga mechi ya kirafiki ni kazi ndogo. Unatafuta mpira, unatuma mtoto kwa kapteni wa upande wa pili, mnakubaliana saa kumi, basi. Mimi nafanya kazi na vijana hapa Nyarugusu na siku nyingi ni hivyo kweli. Lakini sisi wa Bujumbura tunajua kuna miaka ambayo kumwita mtu aje kucheza ilikuwa ni kuweka maisha yake mkononi mwako. Hiyo historia imeandikwa zaidi kwa Kifaransa, na vijana wengi wa hapa hawaijui.

Tuanzie 1992. Mwaka huo Vital'O ya Bujumbura ilifika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika. Nyumbani walitoka 1-1 na Africa Sports ya Abidjan, na kwenye marudiano wakafungwa 4-0. Hakuna klabu nyingine ya Burundi iliyofika fainali ya bara zima tangu siku hiyo. Wazee wa Buyenzi bado wanaisimulia kama ilichezwa juzi, na ukiwasikiliza vizuri utagundua kwamba hawataji kabila la mchezaji. Wanataja kartie yake na mguu wake, kama ni wa kushoto au wa kulia.

Halafu ikaja 21 Oktoba 1993. Rais Melchior Ndadaye, aliyechaguliwa Juni tu, aliuawa na wanajeshi. Watutsi wengi wakauawa vijijini, jeshi likalipiza kwa Wahutu, na vita ikaingia mjini. Katika 1994 na 1995 Bujumbura ilikatwa vipande. Kamenge na Kinama zikawa za Wahutu; Ngagara, Nyakabiga, Musaga na Cibitoke zikawa za Watutsi. Vijana wakaunda makundi, kama Sans Echec upande wa Watutsi. Kulikuwa na siku zilizoitwa "ville morte", yaani mji uliokufa: barabara zimefungwa, maduka yamefungwa, na ukikamatwa kwenye kizuizi ni bahati yako. Buyenzi na Bwiza, kartie zetu za Waswahili ambako watu walichanganyika tangu wakati wa Wabelgiji, zilivumilia kwa muda. Mwishoni mwa Machi 1995 nazo zikavamiwa, na maelfu ya watu, wakiwemo Wazaire wengi, wakakimbilia Uvira. Juni mwaka huohuo jeshi likaingia Kamenge na wakaaji wakatawanyika.

Sasa chukua hali hiyo uniambie, utapangaje mechi? Mpira wenyewe si shida, hata wa majani ya ndizi unatosha. Shida ni njia. Kijana wa Kinama akialikwa kucheza Ngagara, anapita wapi, na nani atamrudisha giza likianza? Na anayepeleka mwaliko ni nani? Ukimtuma Mhutu kwa Watutsi, au kinyume chake, unaweza kumtuma kwenye kifo. Wakubwa waliokuwa vijana wakati ule wanasema mjumbe mzuri alikuwa yule mwenye mama wa huku na baba wa kule, au Mswahili wa Buyenzi ambaye kila upande ulimwona si wao lakini si adui. Naye pia hakuwa salama, kila upande ulikuwa unamshuku kwa ajili ya ule mwingine.

Walikuwepo waliojaribu hata hivyo. Katikati ya miaka ya 1990 Adrien Tuyaga na wenzake walianzisha kikundi wakakiita Jamaa. Jina la Kiswahili, na nadhani hawakulichagua bure: katika Kirundi au Kifaransa kila neno lilikuwa limeshachafuliwa na siasa. Waliwaita vijana wa Kihutu na wa Kitutsi, hata waliokuwa kwenye makundi ya kuua, wakae, waongee na wacheze mpira. Baadaye, kwa msaada wa shirika la Search for Common Ground, walitoa kitabu cha katuni, Le Meilleur Choix, kuhusu vijana wanaovutwa kwenye mauaji na wale wanaokataa.

Mfano mkubwa zaidi ni Centre Jeunes Kamenge. Wamisionari Waksaveri waliijenga kwa ajili ya kartie sita za kaskazini, Kamenge, Kinama, Cibitoke, Ngagara, Gihosha na Buterere, na ilikuwa ndiyo imeanza tu vita ilipolipuka. Ilikuwa ya vijana wa miaka 16 hadi 30. Kulikuwa na maktaba, kozi, viwanja vya mpira na vya basketi, na likizo vijana wa kartie tofauti walikwenda kufanya kazi za ujenzi pamoja. Mwaka 2002 ilipewa tuzo ya Right Livelihood kule Sweden.

Ninachokipenda kwenye Centre ni kwamba uwanja haukuwa wa timu yoyote. Kijana hakualikwa kwa adui, alialikwa mahali pa tatu. Ukipanga Kamenge dhidi ya Ngagara kwenye uwanja wa Ngagara, umepanga vita ya dakika tisini. Ukichanganya timu, mtu anamhitaji mwenzake ampe pasi. Ndugu zetu wa mashirika wanaosoma jarida hili wanapenda kusema mpira unaleta amani. Samahani, peke yake hauleti. Wale wa makundi nao walipenda mpira. Waliopanga ndio waliofanya kazi: njia, saa, refa, nani asimame na nani, nani amsindikize nani.

Serikali nazo zinajua nguvu ya watu kukusanyika. Machi 2014, baada ya wafuasi wa chama kimoja cha upinzani kupambana na polisi, kukimbia kwa vikundi barabarani Bujumbura kulizuiwa, isipokuwa sehemu zilizoruhusiwa. Mji ambao kila Jumamosi ulikuwa unakimbia na kuimba ukanyamaza. Mwaka uliofuata wengi wetu tulikuwa njiani kuja huku.

Kuna kisa kingine, si cha Bujumbura, lakini wakimbizi tukisikie. Februari 2018 Rais Pierre Nkurunziza, aliyekuwa mwalimu wa michezo na mpenzi mkubwa wa mpira, alicheza na timu yake huko Kiremba, mkoa wa Ngozi. Shirika la habari la AFP liliripoti kwamba upande wa pili kulikuwa na wakimbizi wa Kongo ambao hawakujua wanacheza na rais. Kila akipata mpira walimkaba, na akaanguka mara kadhaa. Baadaye viongozi wawili wa komini walikamatwa. Ukimwalika mgeni, mwambie anacheza na nani!

Tarehe 23 Machi 2019, kwenye uwanja wa Prince Louis Rwagasore, Burundi ilitoka 1-1 na Gabon na ikaingia Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Bao letu lilifungwa na Cédric Amissi. Kapteni kule Misri alikuwa Saido Berahino, aliyezaliwa Bujumbura mwaka 1993 na kufika Uingereza akiwa mkimbizi wa miaka 10. Gaël Bigirimana, wa mwaka huohuo na mji huohuo, hakusubiri hata kualikwa: akiwa mtoto mgeni kule Uingereza alikwenda mwenyewe kwenye kituo cha Coventry City kuomba kucheza, wakamkatalia, akazidi kuomba mpaka wakamjaribu.

Hapa kambini Wakongo wana viwanja vyao tangu 1996 na sisi wa 2015 tuna vyetu. Jumamosi tunataka kuchanganya, wachezaji sita sita kwa kila timu, kwenye uwanja wa shule ambao hauna mwenyewe. Refa tumepata, mama mmoja Mkongo anayepiga filimbi vizuri kuliko wanaume wote. Tumeanza saa tisa na nusu badala ya saa kumi na moja, ili wa zone za mbali wafike nyumbani kabla ya giza. Jezi bado ni za rangi moja, kwa hiyo timu moja itacheza vifua wazi, na bado hawajakubaliana ni ipi.